Biskuti za Rangi ya Waridi

Duka moja la barabara ya Chaussée d'Ixelles, hapa Brussels, limeanza kuuza zile biskuti za rangi ya waridi, kavu kama chaki, zenye harufu ya vanila. Nilipofungua pakiti, mguu wangu ukaanza kutikisika wenyewe, kama wa maman chini ya meza siku ile, nilipokuwa mtoto.

Tulitoka Brussels asubuhi kwenda Ufaransa, kwenye mashamba ya zabibu za shampeni, kula na kuonja. Papa alitaka maman asimamishe gari katika kila kijiji: jibini hapa, soseji pale, glasi moja kwenye ghala baridi chini ya ardhi. Alicheka kupita kiasi. Maman hakuvua koti hata tulipokaa mgahawani, na funguo za gari hazikutoka mkononi mwake mpaka niliposema nasikia baridi, akanipa nikachukue sweta.

Ndani ya buti la gari nilikuta sanduku kubwa la papa, lile la kusafiria kwenda Lubumbashi, Kongo. Langu halikuwepo, wala la maman.

Nikarudi mezani. Biskuti zikaletwa. Papa alichovya yake kwenye shampeni, ikalainika, akaimeza mara moja.

"Tia mu maziwa, mutoto. Iko nguvu," papa akaniambia, akiigonga yangu ngumu kwenye kikombe changu.

Nikatikisa kichwa. Nikaitafuna kavu, kidogo kidogo, meno yakiniuma.

"Bon, tuende," maman akamwambia papa. "Avion itakuacha."

"Acha mutoto amalize kwanza," papa akajibu, kana kwamba ndege ingemngoja.

Basi nikaomba nyingine.