Shukrani Zilizomhamisha Madam Evaresta

Katikati ya mteremko dereva wa bodaboda aliniambia nishuke nitembee, pikipiki inamshinda. Migomba ilikuwa imeziba pande zote mbili, na sikujua kama shule iko mbele au tumeshaipita. Ndipo nikasikia darasa zima likipiga kelele: "Umejuaje? Umejuaje?" Nikaifuata sauti.

Nilikuwa nimekuja Chonyonyo, wilayani Karagwe, kumwona Evaresta, mkuu wa idara ya Historia. Miaka mitatu mfululizo hakuna mwanafunzi wake wa kidato cha nne aliyefeli somo hilo. Nilimkuta ofisini akipanga vitabu ndani ya boksi la sabuni.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, karibu. Umekuja kuiona idara? Iangalie upesi, mimi naondoka leo."

Alikuwa amehamishiwa shule mpya upande wa Ihembe, na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Anayebaki ni mwalimu Clavery, kijana wa Muleba, mpole, aliyeripoti muhula huu.

Idara yake ilikuwa na sheria moja: mwalimu akisema jambo lolote, mwanafunzi ana haki ya kumkatiza na kumuuliza amejuaje. Mwalimu asipokuwa na jibu, anakaa, mwanafunzi anashika chaki. Wanabishana kwa Kinyambo na Kiswahili mpaka kieleweke, kisha wanaandika kwa Kiingereza.

"Mimi mwenyewe nimekalishwa," alisema akicheka. "Nilisema kahawa ililetwa huku na wakoloni. Rozi akasimama: Madam, umejuaje? Bibi yangu anasema babu zake waliitafuna kabla mzungu hajafika. Nikakaa."

Nimesoma Historia katika nchi kadhaa, na kote huko sikuwahi kumwona mwalimu akikaa.

Yaliyomwondoa ni matokeo mazuri. Yalipotoka, wazazi walifanya kikao. Kwao hao, ukipewa ng'ombe mwenye maziwa, unarudi kumshukuru aliyekupa. Madam waliletewa na serikali, basi serikali ishukuriwe. Wakapakia lori mikungu ya ndizi, mbuzi, na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye majani ya mgomba, wakaenda ofisi ya elimu wakiimba jina la Evaresta. Afisa, ambaye hakuwahi kulisikia, akauliza linaandikwaje.

"Mwalimu wa namna hii," akawaambia, "si vizuri mumfaidi peke yenu."

Wakapiga makofi. Walidhani ni sifa.

Tulipokuwa tunafunga boksi, mwenyekiti wa wazazi, mzee Ambrose, aliingia amevua kofia.

"Mwalimu, tumepata lori tena. Kesho tunakwenda kumweleza afisa jinsi tunavyokuhitaji."

"Baba, nakuomba, msinisifu tena."

"Sasa tukakuseme vibaya?"

"Mngeanza na hilo."

Mzee alicheka, kisha uso ukamkunjamana. "Mwanangu, lakini wewe si unaweza kukataa?"

"Nikatae vipi? Huko Ihembe hawana mwalimu wa Historia hata mmoja. Nao ni watoto, Baba."

Mzee akatoka, akarudi na mkungu wa ndizi begani, akaufunga mwenyewe kwenye bodaboda iliyonileta, ambayo sasa ilikuwa imefika mlangoni. Evaresta akapanda, boksi mapajani. Wanafunzi walikuwa wamejaa madirishani. Alifungua mdomo kama anayetaka kuwaambia kitu, kisha akamgusa dereva begani, wakaondoka.

Usafiri wangu ukawa umekwenda naye. Nikaingia kidato cha nne, nikakaa dawati la nyuma.

Clavery alifuta ubao, akauandika upya taratibu. Kahawa, aliandika, ililetwa Karagwe na wakoloni. Kisha akageuka, chaki mkononi, akamtazama Rozi, akangoja.

Rozi aliinama, akainakili sentensi hiyo. Na wengine wote wakainakili.