Goti la Shemasi

Twyla Kessinger alizaliwa Coulter, kusini kabisa mwa Illinois, mahali ambapo watu walichimba makaa ya mawe mpaka yakaisha, kisha wakabaki wanatazamana. Mji wenyewe hakuukumbuka. Alikuwa na miaka mitatu pale baba yake, mzee Orval, alipoangukiwa na paa la mgodi, goti la kulia likasagika, na familia ikahamia Burdell, mwendo wa saa mbili kwa gari, penye kiwanda cha kuchinja nguruwe. Hivyo ndivyo alivyosimuliwa. Mama yake alifariki Twyla akiwa na miaka tisa, na Orval si mtu wa maneno, kwa hiyo simulizi ikabaki hiyo hiyo.

Kiwandani aliingia na miaka kumi na tisa, akapewa kisu na nafasi yake kwenye meza ya kukatia mabega ya nguruwe. Alipofika thelathini na sita mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa makovu kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Aliwahi kuolewa na mtu mmoja anaitwa Rex, ambaye siku moja alimpiga kofi mbele ya wageni, naye akamvunja pua kwa kikaango cha chuma chenye mafuta ya moto. Mimi niliyemjua Rex nasema kikaango kilichelewa. Huyo ndiye Twyla. Mpole hakuwa, na hakudai kuwa mpole.

Upole wake wote aliuweka kwenye muziki. Kulikuwa na bendi inaitwa Vermilion, vijana wa Coulter waliokwenda Chicago wakapata jina: vinanda vingi, sauti za chini, nyimbo za kumlaza mtu. Miezi ile ya talaka alikuwa anakaa jikoni na wimbo wao mmoja usio na maneno mengi, unaokwenda taratibu kama mtu anayepanda ngazi, akilia mpaka moyo unatulia. Kule kuzaliwa mji mmoja na mwimbaji aliona ni baraka aliyopewa yeye peke yake. Alimwambia baba yake mara nyingi. Kila aliposikia wimbo ule Orval alichukua fimbo yake na kutoka kwenda kukaa uani, hata kwenye baridi kali, na binti akadhani mzee hapendi vinanda.

Mwaka wa tisini na sita tukagoma pale kiwandani. Nitasema wazi niko upande gani ili nisije nikalaumiwa baadaye: wenye kiwanda walikuwa washenzi. Waliongeza kasi ya mnyororo unaobeba nyama mpaka watu wakawa wanakatana vidole, na chama chetu cha wafanyakazi kiliposema basi, wakaleta watu wengine wafanye kazi ile ile. Kila asubuhi magari yao yalipita katikati ya wagomaji. Wiki ya pili dereva mmoja alimpitishia mzee mmoja wa kwetu gurudumu juu ya mguu. Wiki ya tatu tukamtoa mlinzi kwenye kibanda chake na alipoondoka hakuwa na meno ya mbele. Twyla alikuwa anachomelea misumari ya miguu minne kwenye gereji ya baba yake, ile inayotupwa barabarani na kusimama daima ncha juu, na matairi yalipasuka kila siku. Orval alikuwa akimwona, anarudi ndani.

Kati ya waliovuka mstari wa wagomaji kwenda kazini alikuwemo Leland Voss, jirani wa mtaa wa pili, mwenye watoto watatu. Huyu ndiye aliyepewa nafasi ya Twyla. Meza yake, kisu chake, hata ndoano ya kutundikia aproni yake. Habari hiyo ilipomfikia hakula siku nzima.

Sasa hapo ndipo Garland Tosh alipoleta kanda. Garland alikuwa kiongozi wetu wa lango la kaskazini, jitu la kucheka sana na kupiga sana, na mama yake alitoka Coulter. Tulikuwa tunaota moto wa pipa, Twyla anasifia Vermilion kama kawaida yake, Garland akamtazama kwa huruma.

"Dada, wewe unajiita mpenzi wao, na hata hujui walikotoka? Kabla hawajaenda kujipaka manukato Chicago walikuwa Cutter. Watu walewale. Chukua hii, halafu uje unishukuru."

Cutter ni jina la mashine ya kukatia makaa. Kanda ilikuwa imerekodiwa kwenye baa, mwaka wa themanini na tisa, na ukiisikiliza unasikia chupa zikivunjika. Twyla aliiweka kwenye redio ya pikapu yake na hakushuka mpaka upande wa pili ukaisha. Ulikuwa muziki wa kantri, ule wa babu zetu, banjo na fidla na gitaa la kuteleza, lakini umepigwa na vijana wenye hasira ambao hawakuwa na kazi wala mgodi wa kwenda kufia. Walikuwa wanaukimbiza mpaka ngoma inaachwa nyuma. Hakuna kinanda, hakuna kulazwa. Twyla alihisi amekutana na rafiki wa miaka mingi akiwa kijana, mlevi, ana kisu mfukoni, na akampenda zaidi.

Wimbo uliomkaa ulikuwa wa nne. Unamhusu mtu wa Coulter aliyevuka mstari wa mgomo mwaka wa sitini na tatu, mzungushaji wa sahani ya sadaka kanisani, kwa hiyo wanamwita Shemasi. Wanamngoja njiani, wanamtoa kwenye gari, wanampiga kwa mipini ya sururu, halafu mmoja anamshika mguu na mwingine anapiga goti kwa nyundo. Kiitikio kinahesabu mapigo: moja kwa ajili ya chama, mbili kwa ajili ya mkate, tatu usitembee tena. Fidla inacheka chini yake. Twyla akatufundisha wote. Asubuhi iliyofuata magari yalipokuja, watu mia mbili tuliuimba tukigonga mabati, na nakwambia ukweli, ulikuwa mtamu. Wavunja mgomo waliinamisha vichwa. Tuliuimba wiki nzima, tukauimba mpaka ukatuingia kichwani, na siku ya Ijumaa Garland akasema kuimba tu ni uoga.

Njama ilikuwa rahisi. Kila Jumamosi mchana Voss huosha gari lake nyuma ya duka la chambo, mahali pa kuosha mwenyewe. Watakuwepo Garland na ndugu wawili wa ukoo wa Stroud. Kila kitu kifanyike kama kwenye wimbo, na nyundo ashike Twyla, kwa sababu nafasi iliyoibiwa ni yake na wimbo ni yeye aliyetufundisha. Hiyo ni heshima kubwa kwa watu wetu. Alikubali bila kufikiri, akarudi nyumbani anaimba.

Jumamosi asubuhi aliingiza redio jikoni, akakaanga mayai, kanda inacheza. Ulipofika wimbo wa nne Orval alikuwa mlangoni. Safari hii hakwenda uani. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo, halafu akavuta kiti.

"Haikuwa nyundo," alisema. "Ilikuwa mtaimbo."

Twyla alicheka, kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamkauka. Mayai yakaanza kuungua, hakuna aliyeyashughulikia.

Orval alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza njia. Alivuka mstari siku kumi na moja. Wanne walimngoja kwenye daraja, wote aliwajua. Wimbo huo aliusikia mara ya kwanza kwenye baa ya Coulter, alipokwenda kumzika dada yake. Ule wa vinanda, ule wa binti yake wa kulilia, ni wimbo huohuo, mahadhi yaleyale. Wameupunguza mwendo tu na kuyatoa maneno yale. Twyla aliupitisha kichwani, polepole, halafu haraka, na ilikuwa kweli.

"Kwa nini ulivuka?" alimuuliza.

"Usinitafutie sababu nzuri. Niliogopa. Wengine waliogopa wakabaki, mimi niliogopa nikaenda." Akapangusa mdomo. "Aliyenishika mguu ndiye aliyenisimamia kwenye harusi yangu. Wimbo unasema nililia. Sikulia, nilijinyea. Hilo hawakuliimba."

Hakumwomba kitu. Ndivyo alivyo Orval, na hapo ndipo ninapomlaumu, maana binti alikuwa na nyundo kwenye pikapu na alihitaji kuambiwa la kufanya. Twyla alikaa kwenye kiti mpaka saa ikafika. Alimchukia baba yake, hilo nalijua kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka thelathini na mitatu amekula mezani na msaliti, amemvisha soksi msaliti, na amejivunia damu ya wachimbaji. Akaondoka bila kumuaga, akaenda alikoahidi kwenda.

Voss walimkuta ana bomba la maji mkononi. Alipoona nyundo aliacha bomba likavingirika chini likirusha maji kila upande. Ndugu wa Stroud walimpiga mipini miwili ya mgongo, akaanguka kifudifudi kwenye povu, wakamgeuza. Mmoja akamkalia kifua, mwingine akavuta mguu na kuunyoosha. Garland alifungua milango ya gari lake na kuongeza sauti ya kanda. Voss hakuwa anaomba kwa Garland, alikuwa anamtazama Twyla, anasema jina lake, Twyla, Twyla, kama wanavyoitana majirani juu ya uzio.

Aliinua nyundo. Kiitikio kilipofika kwenye moja, hakupiga. Kilipofika mbili, aliyeshika mguu akamwambia aharakishe, mguu unateleza. Twyla alimtazama huyo mshika mguu, kijana wa miaka ishirini na tano hivi, ambaye mwaka uliotangulia tu alikuwa amekula mkate wa mahindi kwenye harusi ya dada yake Voss.

"Shemasi ni baba yangu," alisema.

Garland alidhani ni mzaha. Kisha akaona si mzaha, akazima muziki.

"Orval?"

"Orval. Mwachieni huyu."

"Yaani tumekupa nyundo, na wewe ni mtoto wa msaliti." Garland alisema taratibu, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Ulitufundisha wimbo wa baba yako, Twyla. Tumecheza nao. Ilete hiyo nyundo."

Hakuitoa. Garland alimpiga ngumi ya sikio, Twyla akaishikilia. Akampiga nyingine, wakaanguka wote, na Twyla akamng'ata shavu mpaka meno yakakutana. Wale wawili wakamwachia Voss wakamjia yeye. Walimpiga mateke ya mbavu, kisha mmoja akaukanyaga mkono wake wa kulia, ule wa kisu, juu ya zege na Garland, damu zinamchuruzika shingoni, akaokota nyundo na kuupiga mara tatu. Hakuhesabu kwa sauti. Voss alikuwa ameshaingia kwenye gari lake lenye povu, akaondoka akikanyaga bomba, na hakutazama nyuma.

Hospitali walimtia vyuma kwenye kifundo cha mkono. Daktari alisema hatashika kisu tena, na hakuna aliyekwenda polisi, maana kwetu hilo halifanywi. Jumapili jioni chama kilituma watu wawili wamwambie asifike langoni. Mmoja wao nilikuwa mimi. Nilisimama kwenye ngazi zake nikasema nilichotumwa, na sikumtazama mkono. Alinisikiliza, akafunga mlango.

Jumatatu asubuhi alikuja. Hakuvuka mstari na hakukaa nasi. Alisimama ng'ambo ya barabara, peke yake, na bango la mgomo aliloandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala. Garland, ana bandeji ya shavu, alianzisha wimbo, na watu wakaitikia. Mimi pia niliitikia. Tukiwa katikati ya kiitikio gari la posta likasimama, akashuka mzee Orval na fimbo yake, akavuka barabara polepole mbele yetu sote, mguu ukiburuta, wakati tunamhesabia mapigo. Hakuwa amesimama kwenye mgomo wowote tangu mwaka wa sitini na tatu. Akafika kwa binti yake, akaligeukia lango, akasimama wima.

Magari yakaanza kuingia. La tatu lilikuwa la Leland Voss. Alipomwona Twyla alipunguza mwendo, akateremsha kioo, akainua kiganja, na machozi yalikuwa yanamtoka. Alitaka kumshukuru. Twyla akainama, akaokota jiwe kwa mkono mzima, akamrushia. Likamchana juu ya jicho, gari likayumba likaingia langoni na damu kwenye mlango.

Wimbo ukafa. Twyla alikuwa ameshaokota jiwe la pili. Orval alimfungua vidole, kimoja kimoja, akalichukua, akalitia mfukoni mwa koti lake.

"Moja linatosha," alimwambia, na wakabaki wamesimama pale mpaka zamu ilipotoka.