Ngazi ya Ndululu

Kanisa Katoliki la Kavutini, juu kidogo ya barabara ya Migwani, limeona karne mbili, ingawa ile ya kwanza ni nusu tu. Lilijengwa na vijiji viwili visivyosalimiana. Kimoja kilianzia altareni, kingine mlangoni, na walipokutana katikati, sakafu ya upande wa altare iliipita ya upande wa mlango kwa urefu wa tofali, ikawa ngazi. Kila upande ukasema mwenzake ndiye aliyekosea. Padri mzungu akasema wataelewana baadaye. Amezikwa nyuma ya kanisa, na ngazi ikabaki.

Mapadri walikuja na kuondoka, mabati yakabadilishwa, watu wakaendelea kujikwaa. Ndipo kijana mmoja, Ndululu, akakalia pembe ya benchi la hapo katikati, akimwambia kila anayepita, "Inua mguu." Kwaya ilimkataa kwa sababu ya sauti, na ilikuwa haki yao. Kazi yake kanisani ilikuwa hiyo moja, na aliipenda. Siku ya harusi fulani, Mprotestanti mmoja aitwaye Muthoki hakumsikiliza, akaangukia mikononi mwake. Sasa ni mkewe, na bado hamsikilizi.

Mwaka huu Padri Mutiso aliamuru sakafu isawazishwe kabla askofu hajaja kwa jubilii.

"Mzee Ndululu, sasa utapumzika," alisema.

"Kwani nani alisema nimechoka, Fatha?"

Mafundi wakamwaga zege, wakapanga vigae. Ndululu alihuzunika hata chakula kikamshinda. Siku ya jubilii alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mgeni.

Wimbo ukaanza, maandamano yakaingia. Mazoea yana taabu. Wanakwaya walipofika katikati, kila mmoja aliinua mguu kupanda ngazi isiyokuwepo. Wa kwanza akayumba, wa pili akamkanyaga, wa tatu akaenda chini na kitabu chake. Padri Mutiso, mwenye sakafu, naye akapiga goti ambalo halikuwa kwenye ratiba. Askofu peke yake, kwa kuwa hakupajua, alipita wima.

Padri aligeuza shingo akiwa bado pale chini.

"Mzee Ndululu, kuja ukae hapa kwako."

Ndululu alikuja bila haraka. Watu wa benchi wakasogea.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili humwambia kila anayepita, "Usiinue mguu." Wengi wamezoea. Muthoki bado huinua, na Ndululu huwa ameshanyoosha mikono.