Mafungo ya kimya Diani: siku tatu nilinyamaza vizuri, kengele ilipolia nikajiaibisha

Wakuu, hamjambo. Hili nimelibeba tangu Jumapili. Siongezi wala sipunguzi.

Mimi niliishia darasa la sita. Leo nina hardware Ukunda na lori tatu, na hakuna aliyenirithisha hata msumari. Wanaonijua wanajua nikianza kuongea sinyamazi.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma niende mafungo ya kimya kwa masista, huku Diani. Siku tatu za sala, simu unaiacha ofisini kwao, hakuna kuongea mpaka kengele ya mwisho. Nikamwambia hilo dogo, nimeshinda makubwa.

Mlo wa kwanza tu, aliyeketi mbele yangu ni Mzee Mwero wa Kikoneni.

Huyu alinishikia store, ghala la duka langu, miaka tisa. Mwaka juzi saruji ikapungua, nikamwita mwizi mbele ya wateja, nikamfukuza. Baadaye nikagundua niliipakia mimi mwenyewe kwenye mzigo wa mtu mwingine.

Sikumtafuta. Nilijiambia tutakutana tu.

Sasa kule mezani huombi kitu. Unamtazama mwenzako, unamsogezea anachohitaji. Mimi sikujua hata nitazame nini. Yeye kila mlo alinisogezea pilipili kabla sijashika kijiko. Baada ya yote hayo, alikuwa bado anakumbuka ninavyokula.



Siku ya pili nililia kanisani, mtu mzima na kitambi changu. Nikaandaa maneno: Mzee, ile saruji hukuiba, nisamehe. Nikayarudia kuliko hata rozari.

Kengele ikalia. Watu wakaanza kusalimiana. Nikamfuata, nikafungua mdomo. Hata shikamoo sikumpa.

"Mwero, si unaniona? Sasa nina lori tatu."

Naapa sikupanga. Mdomo ulishazoea njia yake.

Akanitazama bila hasira. "Hongera, tajiri. Lakini hizi siku tatu ulikuwa mtu mzuri sana wa kuketi naye."

Akachukua mkoba wake, akaenda.

Nilichojifunza: kunyamaza si kazi. Kazi ni lile neno la kwanza ukishafunguliwa mdomo.

Kesho naenda Kikoneni. Nimewaomba wateja wawili waliokuwepo siku nilipomwita mwizi twende pamoja, wasikie kutoka kwangu. Mke wangu kasema nianze na shikamoo, niombe msamaha, halafu nifunge mdomo.

Aliyewahi kumrudia mtu aliyemdhulumu, aniambie alianzaje. Andikeni, hata mkinitukana. Leo nasoma tu, sijibu.