Meli Iliyonyimwa Makaa

Wiki mbili zilizopita nilienda Kitengela kuwaonyesha wanunuzi mipaka ya shamba la marehemu shosho, nyanya yangu. Sasa ni ploti nne, na kwenye ile ya pembeni tingatinga lilikuwa limeng'oa birika la saruji ambalo jirani alikuwa akinyweshea mifugo. Lilikuwa limelala upande. Ndani yake niliona mistari mitatu tuliyoichora kwa msumari, ya kupimia kina. Nikaipitishia kidole, nikakumbuka kwamba hapa palikuwa na bahari.

Usinicheke. Nitakueleza polepole, maana tuliijenga kwa utaratibu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ukisimama nyuma ya nyumba ya shosho ungeona pundamilia, na hakukuwa na ukuta wowote kati yao na wewe. Asubuhi ilinuka maziwa na moshi, adhuhuri ilinuka lami iliyolainika kwenye barabara ya Namanga. Wazazi wangu walifanya kazi Nairobi, nami nililelewa na shosho tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili wakati binamu yangu, mwenye miaka kumi, alipoletwa kuishi nasi. Baba yake, mwana wa mwisho wa shosho, alikuwa ameangukiwa na mwamba katika machimbo ya mawe ya Kiserian. Tangu mazishi, shosho hakulitaja jina la mwanawe hata siku moja, wala hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake. Wa tatu wetu alikuwa binti wa jirani, mfanyabiashara wa mbuzi na ngamia kutoka Garissa, mwenye lile birika la mpakani.

Mwalimu wetu alikuwa ametuazima kitabu cha zamani kisicho na jalada, chenye michoro ya meli za vita zilizokatwa katikati kama mkate, ukaona vyumba vyote vya ndani. Tukataka meli zetu. Lakini mwalimu alikuwa na msemo wake, "Ndoto nayo ipigiwe hesabu," na sisi tuliufuata. Kwa hiyo tulianza na historia. Tuliamua kwamba wale Waingereza waliojenga reli walifilisika njiani, wakaacha magarimoshi yao nyikani. Watu wa bara wakaungana, wakateremka hadi Mombasa, wakaichukua bandari. Wakauza magadi ng'ambo, na kwa mapato hayo wakaunda jeshi la majini.

Sasa fikiria nasi. Taifa kama hilo lingeweza kuwa na meli ya aina gani? Si manowari kubwa, maana hatukuwa na kiwanda cha kukunja vyuma vinene. Kwa hiyo ngao ilikaa kiunoni tu, penye mashine. Mitungi ya mvuke tuliitoa kwenye yale magarimoshi yaliyoachwa. Mizinga ilikuwa mikuukuu, ya kununuliwa. Makaa ya mawe hatukuwa nayo, yalitoka kusini kwa meli, kwa hiyo kila mchoro ulipaswa kuonyesha ghala lake la makaa. Ukileta mchoro, wenzako waliuliza neno moja, "Inawezekana?" Ukishindwa kujibu, ulifuta.

Meli iliyopita kwenye karatasi ilijengwa kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, ikazibwa kwa lami tuliyoibandua barabarani, ikawekwa birikani. Mizinga ilikuwa misumari, makaa yalikuwa kokoto. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hadi leo hupenda kuwaeleza watoto: uzito ukiwa chini, meli ikiinamishwa hurudi. Ukiwa juu, huendelea kuinama.

Na kulikuwa na desturi moja, ambayo niliianzisha mimi. Kila meli ilikuwa na orodha ya mabaharia, na majina tuliyachukua kwa watu tuliowajua: mwenye posho mill ya kusaga unga, katekista, dereva wa trekta. Meli ikipinduka, aliyeibuni alisimama kando ya birika na kusoma majina ya waliozama, mmoja mmoja, kwa sauti ya katibu wa kanisa anaposoma matangazo. Tulicheka sana. Katekista alizama mara nyingi kuliko wote.

Nilikuwa mkaguzi, mwenye neno la mwisho juu ya kila meli, kwa sababu ya umri. Na kabla binamu hajaja, kikombe cha kwanza cha uji kilikuwa changu, na kigoda cha karibu na jiko kilikuwa changu. Alipokuja, vyote vikahamia kwake, na shosho hakunieleza kwa nini. Kisha mwalimu akabandika mchoro wa binamu ukutani, akaliambia darasa langu litazame jinsi mtoto mdogo anavyofikiri. Aliutazama mchoro, kisha akanitazama mimi.

Ule mchoro ulikuwa wa meli nzuri kupita zote. Alitumia muhula mzima kuijenga, na ilikuwa meli yake ya kwanza kufika majini. Katika orodha yake daftarini, pale palipoandikwa "Nahodha," alikuwa ameandika jina la baba yake, majina yote matatu, kwa kalamu nyekundu.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi, ng'ombe wamekuja kunywa. Mchungaji mmoja wa Kimaasai aliitazama ile misumari iliyosimama juu ya bati. "Ero, kijana," akamwambia binamu, "hilo karai lako liko na miiba." Binamu akacheka, akafungua kiganja chenye kokoto.

"Ngojeni kwanza niweke makaa."

"Makaa hayajafika," nikamwambia. "Wachimbaji wa kusini wamegoma. Inawezekana ama haiwezekani?"

Akafikiria. Hakujua kudanganya hata kwa manufaa yake. "Inawezekana," akasema.

"Basi iweke hivyo hivyo."

"Wacha ubaya," binti wa jirani akasema. "Itatoka bandarini na nini, maombi? Hata baba yangu hatoi ngamia safari kabla hajanywa maji."

"Mkaguzi ni nani hapa?"

"Ni wewe, mama chifu."

Binamu alikuwa bado ameishikilia. "Dada, tafadhali," akasema kwa sauti ndogo. "Yeye yuko ndani."

Nilimsikia vizuri sana. "Iachilie," nikasema.

Ikaelea. Ikainama kushoto kidogo, ikasita, kisha ikalala, na maji yakaingia. Kilibaki kitako cheupe cha mkebe.

Binamu alisoma majina. Alianza na wachochea moto, akapanda hadi wapiga mizinga, akafunga daftari.

"Hujasoma nahodha," nikasema.

Alilisoma. Shosho alikuwa amefika kuteka maji, na alilisikia jina la mwanawe, majina yote matatu, katika orodha ya waliozama.

Alitua mtungi taratibu. "Rudia," akasema. Binamu, akidhani ameamriwa, akarudia. Shosho akafungua mkanda wa ngozi aliobebea mtungi, akaukunja mara mbili, akampiga nao mgongoni na miguuni, bila kelele, kama mtu anayepiga maharagwe makavu. "Nani alikufunza kuzika baba yako mara mbili?"

"Ni mchezo, shosho."

"Mchezo wa nani?"

Binamu akalikumbatia daftari. Hakunitazama hata. Binti wa jirani akafungua kinywa, nami nikamkanyaga mguu.

"Ni yeye aliandika hilo jina, shosho," nikasema. "Angalia. Ni mwandiko wake."

Na ulikuwa mwandiko wake kweli.

Shule zilipofungwa alipelekwa Kajiado kwa jamaa za mama yake. Uji wa kwanza ukarudi kwangu. Ile meli ilibaki chini ya birika mpaka mchungaji akaitoa isije ikamkata ng'ombe mdomo. Daftari nilibaki nalo.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea. Ana karakana ya kuchomelea huko Kajiado, hutengeneza mageti na matangi ya maji, na ndevu zake zimeanza kuota mvi. Alinipa chai, akaniuliza habari za watoto, akafuta mikono kabla ya kushika daftari. Akafungua moja kwa moja ukurasa wake. Kwa chaki ya kupimia chuma akachora meli mezani, akaweka alama penye ghala la makaa.

"Hii nimeipigia hesabu miaka mingi," akasema. "Kila tangi ninalotengeneza naifikiria. Kwa hesabu, makaa yakiwa ndani inasimama. Lakini hesabu si maji. Pengine kuna kitu nilikosea." Akaninyooshea uso ule ule wa mtoto wa miaka kumi. "Wewe ulikuwa mkaguzi. Unaonaje, ingesimama?"

"Sijui," nikamwambia. "Hatukuijaribu."

Akatikisa kichwa kukubali, akafuta chaki kwa kiganja, akanisindikiza hadi barabarani.

Birika wamelivunja kuwa kokoto za msingi, nimeambiwa. Pundamilia hawapo, shosho hayupo, binti wa jirani yuko nchi za mbali na hatuandikiani. Hakuna aliyebaki wa kumwambia isipokuwa wewe. Asubuhi ya siku ile, binamu akiwa bado ananywa uji wake, niliichukua ile meli peke yangu nikaenda nayo birikani. Niliijaza kokoto, nikaiweka majini, nikaisukuma kwa kidole mpaka maji yakagusa misumari. Ikarudi. Nikaisukuma tena, kwa nguvu zaidi, ikarudi. Mara ya tatu pia ilirudi, ikasimama wima. Ndipo nikazitoa kokoto zote, moja baada ya nyingine, nikaifuta kwa gauni langu hadi ikakauka, nikairudisha mahali pake.