Kengele ya Tajiri

Ngo… ngo… ngo. Mwanangu, mlio ule naukumbuka hata leo nikiwa napepeta mpunga. Nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, kichwa kimejaa ndoto, na kila alfajiri pale kwetu Shishiyu kengele ya ng'ombe ililia ndani ya nyumba ya baba mdogo Masunga. Ndani, wala si zizini! Na ng'ombe hakuwepo.

Baba mdogo alikuwa akisikia watu wasioonekana wakimwita. Halali, chakula anakigusa tu. Sisi kwa huruma tukampeleka maksai wake kwa ndugu kule Migato, ili mgonjwa apumzike. Majirani wakasema karogwa. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, akanunua kamba. "Hospitali wakishindwa, tunamfunga." Kila nikiiona ile kamba msumarini, nageuza uso.

Kule hospitali ya Bariadi, tulikompeleka mimi na baba, nilidhani daktari atauliza habari za zile sauti, atoe vidonge, turudi. Wapi! Alikuwa mama mpole. "Mwangaluka, baba," akamsalimia mgonjwa kwanza, kwa Kisukuma. Akauliza usingizi, homa, pombe, kama aliwahi kuanguka akaumia kichwa, anakula na nani, asubuhi nani humsalimia. Baba yangu akawa anamjibia mdogo wake yote.

"Umejibu vizuri, mzee," daktari akacheka. "Sasa mwache mwenye mwili naye ajaribu."

Ndipo akaiona kengele mkononi mwa mgonjwa. "Hii ya nani, baba?"

"Ya Tajiri, maksai wangu," baba mdogo akasema taratibu. "Wale wakiniita, naipiga. Wao siwajui. Tajiri namjua."

Baba akaninong'oneza, "Huyu daktari wa watu au wa mifugo?"

Daktari akasikia. "Wa watu, mzee. Ila mtu haji hapa kichwa peke yake. Anakuja na zizi lake lote."

Akampa dawa, akasisitiza asiziache hata akijiona mzima, na kliniki arudi. Tajiri naye arudishwe, ila baba mdogo asichunge peke yake, wawe watu wawili mpaka atulie.

Sauti hazikuisha zote, nisikudanganye. Ila alianza kulala, akaanza kututania tena, na ile kamba ikakosa kazi.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi ukimwona mtu akili imemchafuka, mwanangu, mpeleke hospitali, tena mapema. Lakini usimjibie. Muulize amelala vipi, nani anamsalimia, nini kilikuwa chake tukamnyang'anya tukidhani tunamsaidia. Dawa ni dawa, na salamu nayo ni dawa. Mungu akupe sikio lenye subira, na siku ukizidiwa wewe, akuletee mtu wa kukuuliza.

Tajiri aliporudi kutoka Migato, watu wote walikuwa shambani kwenye pamba. Niliitungua kamba ya baba, nikakata kipande, nikaifunga kengele shingoni mwa yule maksai.