Siku Seva Ilipohama Wagonjwa Wakiandikishwa

Tulipobadilisha mfumo wa seva hospitalini, tayari nilikuwa nimechoka. Nilikuwa fundi pekee wa kompyuta, na seva zetu nne kuukuu, kompyuta kuu zilizobeba kazi zote za hospitali, zilinisumbua kila wiki. Kuzima moja ili niifute vumbi kulimaanisha watu waliotoka kijijini Mwamkulu alfajiri wakae kwenye benchi wakinisubiri mimi, si daktari.

Mfumo mpya ulikuja na seva mbili tu. Ndani ya kila moja niliweza kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya nyingine. Kazi za zile nne nikazihamishia humo kwa wiki tatu, nikisoma maelekezo ya Kiingereza mpaka macho yakauma. Zote nikawa nazisimamia kwenye ukurasa mmoja, nikiwa nimekaa.

Jumatatu moja asubuhi, mapokezi yakiwa yamejaa, ukurasa ule ukaonyesha seva ya kwanza inachemka. Feni ilikuwa imekufa. Zamani ningetoka mbio nikipiga kelele, "Jamani, hifadhini kazi zenu, nazima!" Sasa kulikuwa na amri ya kuhamisha mashine pepe kwenda seva ya pili huku zikiendelea na kazi. Sikuwahi kuijaribu wagonjwa wakiwepo.

Nikabonyeza, nikaenda kusimama mlangoni pa mapokezi.

Mama mmoja wa Kisukuma, mtoto mgongoni, alikuwa anaandikishwa.

"Jina la mtoto, mama?" nesi aliuliza.

Mama akalitaja, nesi akaliandika. Kompyuta ikasita kidogo, moyo wangu nao ukasita, kisha jina likaingia.

"Haya, nenda chumba namba sita."

Basi. Mashine pepe zilikuwa zimehama, na hakuna aliyejua.

Nesi akaniona. "Mbona umesimama tu, dada? Leo huna kazi?"

"Sina," nikasema.

Nikarudi chumba cha seva, nikaizima ile mbovu, nikaifungua na kuitoa feni. Nilikaa sakafuni nayo mkononi muda mrefu. Nilitamani mtu mmoja tu aniambie pole.

Mchana nikamweleza katibu wa hospitali yaliyotokea. Alisikiliza vizuri.

"Kumbe unaweza kufanya yote hayo ukiwa kwenye kiti?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi na zahanati zetu mbili za nje ya mji tukuunganishie. Si ukurasa ni ule ule?"

"Ni ule ule," nikajibu. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Mvua zilipoanza nilikuwa nasimamia mashine kumi na moja, nyingi zikiwa mahali nisipowahi kukanyaga. Nikaandika barua kuomba msaidizi. Katibu akaniita, akanikaribisha chai, akaniambia mfumo mpya ndio msaidizi wangu. Alisema kwa upole kabisa. Nilikunywa chai yake, nikamshukuru, nikarudi mezani. Mashine mbili zilikuwa zinaomba kuwashwa upya.